Maiki Mbili za Shamila

Shamila huandika barua za watu pale Ng'ambo, mlango wa pili kutoka cherehani yangu. Mteja anakaa, anasema, yeye anachapa. Sijui mtu mwingine mtaani kwetu aliyebeba siri nyingi kama yeye, na sijawahi kusikia hata moja imemtoka. Ndiyo maana jambo lile lilimuuma.

Siku hiyo alikuwa akifuatilia darsa mtandaoni na wanawake wenzake arobaini, maiki ameifunga. Akaingia Mzee Adinani, aandikiwe barua kwa mdogo wake aliyeko Puge. Ndugu hao walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao. Kwa adabu Shamila akachomoa hedifoni ili amsikilize vizuri. Mzee alikuwa kwenye sentensi ya tatu simu ya Shamila ilipoita; ni mwenzake wa darsani, sauti juu.

"Dada, tunamsikia huyo mzee!"

Mzee Adinani akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Shamila alilia. Kisha udadisi ukamshinda. Maiki si aliifunga? Nikamshauri akate utepe wa gundi abandike kwenye maiki, yaishe.

"Nikibandika sitajua kwa nini," akanijibu.

Siku mbili alichomeka na kuchomoa. Kompyuta yake inaendeshwa na mfumo wa Linux, na hiyo, anasema, ukiiuliza inakujibu. Kumbe maiki zilikuwa mbili! Aliyoifunga ni ya hedifoni. Alipoichomoa, kompyuta ikahamia yenyewe kwenye maiki ya kamera, iliyokuwa wazi. Akaifunga na hiyo. Akazima, akawasha: imefunguka tena. Jamani! Mwisho akaandika amri fupi, inayojiendesha kila kompyuta inapowaka na kila kifaa cha sauti kinapochomekwa au kuchomolewa: funga zote.

Akaenda kwa Mzee Adinani kuomba radhi, akamsihi aje ajionee. Mzee alikuja. Mimi nikaacha suruali ya mtu katikati, nikaenda kuchungulia.

"Shikamoo babu. Sema chochote, kompyuta inarekodi."

"Marahaba. Huyu fundi jirani yako ni mmbea."

Shamila akacheza alichorekodi. Kimya. Mzee akataka hedifoni ichomolewe, kompyuta izimwe, iwashwe, wajaribu tena. Kimya vilevile.

"Haya, maiki zimefungwa," akasema, akanigeukia. "Amebaki huyu."

Nikarudi kwenye suruali yangu, nimefura, nikawaacha waanze barua upya.

Mwezi uliofuata nilimshonea kanzu mgeni kutoka Puge, mwenye pua ya Mzee Adinani kabisa. Mzee mwenyewe ndiye aliyemleta, amemshika mkono. Nimemuuliza Shamila barua ile ilisema nini. Mpaka leo hajaniambia.