Nafasi ya Mnufaika

Mafundi wenzake walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na wembamba wake, na pia, walisema, kwa sababu humsikii mpaka akuchome. Hili la mwisho lilikuwa uongo wa kijiweni tu. Sindano hakuwahi kumchoma mtu. Alikuwa fundi makochi, mtu wa kupiga magoti nyuma ya kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo ameibana midomoni, na mwenye misumari mdomoni haulizwi mengi.

Mdomo wa nyumba alikuwa mkewe. Mteja akija, mke ndiye aliyepatana naye bei. Mwenye nyumba akija, mke ndiye aliyetoka mlangoni. Sindano alimkabidhi alichopata, akala, akalala, kesho akaamkia kazini. Mke alizigawa pesa kwa majina aliyoyabuni mwenyewe: pesa ya kulala, pesa ya miguu, pesa ya bahati mbaya. Kila moja ilikuwa na kifuko chake, alichokishona kwa mabaki ya vitambaa vya makochi. Alipofariki, vifuko vilibaki vimening'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Sindano hakujua kipi ni kipi, akaviacha hapohapo.

Kisha cherehani nayo ikafa. Fundi cherehani aliichungulia tumboni, akatikisa kichwa, akafunga boksi lake la bisibisi.

"Mzee, hii ipumzishe tu. Ukiendelea kuilazimisha itakutukana."

Mtaani palikuwa na chama cha akiba na mikopo kilichokopesha watu mashine. Ila hakikumpokea mwanachama mpya mpaka apite darasani kwanza, kila Jumamosi, kwenye ukumbi nyuma ya soko. Sindano alikwenda kwa sababu kushona kochi zima kwa mkono kulimmaliza vidole. Alikaa benchi la nyuma kabisa, ubavuni mwa kinyozi wa mtaa wao, mtu asiyejua kunyamaza.

Mwalimu alikuwa binti mmoja mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza aliandika ubaoni AKIBA, akageuka.

"Nani atuambie hii ni nini?"

"Pesa unayoificha mkeo asiione!" kinyozi akadakia.

"Na mkeo naye anaificha yake wapi?"

"Hapo ndipo penye benki kuu, mwalimu. Hata wezi hawapajui."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu akanyoosha chaki hadi nyuma. "Na wewe, mzee wetu mkimya?"

Sindano alitazama viatu vyake. "Ni pesa ya kulala," alisema. "Inalala. Huiamshi mpaka uwe na sababu."

"Na ikikoroma je?" akauliza kinyozi, na watu wakacheka tena. Mwalimu alicheka pia, lakini akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo hiyohiyo, mzee. Akiba."

Basi jioni ile alirudi nyumbani na neno lake, na Jumamosi nyingine na jingine: bajeti, riba, salio, dharura. Njiani aliyarudiarudia kimoyomoyo asije akayadondosha. Akifungua mlango, anakuta kikombe kilekile alichokiacha mezani asubuhi, kikimtazama. Siku ya neno dharura alisimama mbele ya vifuko, na kofia bado kichwani.

"Kumbe ile ya bahati mbaya inaitwa dharura," alisema.

Akavua kofia, akaenda kuosha kikombe.

Jumamosi ya mwisho waligawiwa fomu. Jina, kazi, makazi, yote aliyajaza. Halafu akafika kwenye nafasi iliyoandikwa Mnufaika, akasimamisha kalamu.

"Mnufaika," mwalimu alieleza, "ni mtu atakayechukua kilicho chako siku ukiondoka duniani. Nataka majina yake kamili, simu, na uhusiano wenu. Na awe anajua. Hatutaki chama kimpigie mtu, adhani ni matapeli. Asiye na mnufaika hatumpokei, tusidanganyane."

"Nafasi ni moja tu?" kinyozi alilalamika. "Mwalimu, mimi nyumbani kwangu hapa utazua vita!"

Sindano aliikunja fomu, akaitia mfukoni. Yeye hakuwa na vita nyumbani kwake.

Alikuwa na mtu mmoja tu, na hata huyo hakuwa na hakika kwamba ni wake. Alikuwa binti wa mkewe, aliyekuja na mama yake akiwa mdogo, begi la shule likimzidi mgongo. Alimwita "Fundi" siku ile ya kwanza, na Fundi ikabaki. Nyumbani walimpa jina la Maswali, maana hakuacha kitu bila kukiuliza. Akitoka shule alikalia lundo la sponji karakanani, akingoja kochi lifumuliwe. Makochi humeza vitu, na Sindano alikuwa na utaratibu wake: chochote kilichotoka tumboni mwa kochi alikifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakining'iniza mguuni mwa kochi lenyewe, mwenyewe akikute.

"Fundi, limetapika nini leo?" mtoto aliuliza. Kwa swali hilo tu Sindano alitema misumari yote kiganjani, ili ajibu vizuri.

Zaidi ya hapo hawakuwa na mazungumzo. Maswali alipokua akapata kazi mji mwingine, salamu zilipita kwa mama. "Maswali anakusalimu." "Nami msalimie." Mama alikuwa tundu la sindano, na uzi wao ulipita hapo tu. Baada ya maziko binti alisimama mlangoni na mkoba wake. "Haya, Fundi." Naye akajibu, "Haya." Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake. Sindano alijiambia kwamba hana haki ya kumsumbua mtoto wa mtu.

Jumapili mchana, karakana ikiwa tupu, aliketi juu ya sponji akapiga.

"Fundi?" Sauti ilishtuka. "Shikamoo. Unaumwa?"

"Marahaba. Hapana, siumwi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Ni... kuna fomu."

Alieleza vibaya. Alianzia kwenye cherehani, akaruka kwenye chama, akarudi kwa mwalimu. Mwisho alilitoa neno lenyewe, mnufaika, na maana yake kama alivyofundishwa. Upande wa pili alisikia bomba la maji likifunguliwa, likafungwa.

"Wanataka majina kamili," alisema. "Mimi nakujua kwa Maswali tu."

Binti akamtajia majina yake matatu, polepole. Sindano aliandika fomu ikiwa gotini. Mawili ya mwisho yalikuwa ya mwanamume ambaye hakuwahi kumwona. Aliyaandika kwa uangalifu uleule.

"Hapo kwenye uhusiano umeandika nini?"

"Sijaandika bado."

Bomba likafunguliwa tena.

"Andika mtoto, Fundi. Wasije wakakusumbua bure."

"Haya."

Akaandika: mtoto. Hakujua kama binti alimaanisha hivyo kweli, au ni kwa ajili ya fomu tu. Alikuwa akitafuta namna ya kuaga ndipo akasikia pumzi ikivutwa huko mbali.

"Siku hizi makochi yanatapika nini?"

Sindano alifungua mdomo. Simu ikakatika. Akaitazama, akapiga tena, na sauti ya kike isiyomjua mtu ikamwambia kwamba salio lake halitoshi kupiga simu hii.

Salio. Hilo neno alilijua.

Alisimama, sponji ikimng'ang'ania suruali, akatoka bila hata kufunga mlango, akashika njia ya dukani. Wiki hii kochi limetapika kitana. Tena kijiko cha mtoto, kina alama za meno. Tena picha ndogo ya pasipoti ya mzee mmoja aliyekasirika, na wenye kochi wamesema hawamjui.

"Vocha," alimwambia mwenye duka, akihema.

"Makubwa! Sindano leo una wa kumpigia?"

"Nina jibu la mtu," alisema. "Fanya haraka, ndugu yangu."