Futa Diski Yote

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuificha. Nina chumba kimoja mjini Morogoro, nyuma ya duka la vitenge, ambamo natengeneza kompyuta zilizochoka. Nikipata nafasi naandika ukurasa wangu mtandaoni: habari na maelekezo kwa watumiaji wa programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoundwa na kuzigawa bila kumpigia mtu magoti. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilichoka kusoma maelekezo ya watu wanaodhani dunia nzima inaishi kama wao. "Shusha faili hili, itachukua muda mfupi." Muda mfupi wa nani? Kwa bando la nani? "Ukikwama, fungua maelekezo haya kwenye kompyuta yako nyingine." Hapo huwa nacheka peke yangu mpaka mwenye duka anachungulia kuona kama nina mgeni.

Siku aliponipigia karani wa parokia moja ya milimani sikucheka. Karani huyo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa umri wa baba yangu, na alikuwa msomaji wa ukurasa wangu kwa muda mrefu. Kila nikichapisha kitu aliniandikia kunishukuru, kisha akanisahihisha nukta na mkato.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Kompyuta ya parokia. Yenyewe inawaka vizuri, inapendeza kabisa. Ila vitu vya watu havimo."

Nilimwomba aanze mwanzo. Kompyuta ile ilikuwa imezeeka, ikawa inagoma kila asubuhi. Mwalimu alikuwa ameshuka mjini, akatafuta dawa, akakuta tovuti moja kubwa ya nje, yenye habari na maelekezo ya programu huria kwa lugha nyingi, ambayo ilikuwa imeanza kutoa kurasa kwa Kiswahili. Alichapisha maelekezo yote kwenye karatasi, akatiliwa mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta kwenye fleshi, akapanda navyo mlimani. Akafuata hatua baada ya hatua, kidole juu ya mstari, kama alivyofundisha watoto kusoma maisha yake yote.

Akafika penye swali. Je, una mafaili yako unayotaka kuyatunza? Kama huna, chagua Futa Diski Yote, uendelee.

"Nikajiuliza kwa dhati, mwanangu. Mimi mle sina faili hata moja. Barua za parokia nazichapa, Baba Paroko anazisaini, nakala tunaziweka kabatini. Nikajibu ukweli."

"Na vya watu, mwalimu?"

"Vya watu sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema vipo tele. Nilidhani kinachofutwa ni changu, kama kingekuwapo. Cha mtu mwingine nakifutaje mimi bila ruhusa yake?"

Damu ilinichemka, na si kwa ajili ya mwalimu. Kule juu kompyuta ni ile moja. Watu huweka vitu vyao parokiani kama wanavyoweka masufuria makubwa ya misiba: ni vya wote, vinakaa mahali pamoja, na kila mmoja anajua ni nani aliweka nini. Kwaya ina nyimbo zake mle. Wakulima wa mboga wana picha za miche yao. Simu ikianza kufa, mwenyewe huipeleka kwa mwalimu amhamishie sauti na picha kabla haijazima moja kwa moja. Nani kati ya walioandika yale maelekezo aliwahi kuwaza kwamba anayekaa mbele ya kioo anaweza asiwe mwenye kile kilichomo ndani?

Mwalimu alikuwa amekwisha kuwauliza wenyewe kwenye tovuti. Alinisomea jibu lao. Walisema maelekezo yako wazi, swali liliulizwa, na mtumiaji hana budi kusoma kabla ya kubofya.

Huyu, wa kuambiwa hajui kusoma!

"Umefanya kitu gani kingine tangu hapo?" nilimuuliza.

"Hatua inayofuata inasema niunganishe mtandao nishushe masasisho. Lakini mtandao unakamatika kwenye jiwe kule juu tu, na kompyuta siwezi kuibeba mpaka jiweni."

"Mshukuru Mungu. Izime. Usiiwashe kabisa mpaka nije. Kila kitu kipya kinachoingia kinakalia vitu vya watu."

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamnyima usingizi. Nyimbo za kwaya zingeimbwa tena. Lakini mle kompyutani kulikuwa na sauti ya mama mmoja mzee, mkulima, aliyekwisha kufariki. Kabla hajafa alizunguka shamba lake la bondeni na simu ya bintiye ikiwa inarekodi, akitaja mpaka mmoja baada ya mwingine. Simu ilikufa baadaye, sauti ikabaki parokiani. Sasa mtoto wa dada wa marehemu, anayeishi Ngerengere, alikuwa amekuja kusema shamba lile ni la mama yake yeye, kwamba marehemu aliliazima tu. Ukoo ungekaa Jumapili baada ya misa.

Nilipanda Ijumaa. Gari mpaka Mlali, kisha bodaboda juu kwa juu, begi langu kifuani kama mtoto mchanga. Nilimkuta mwalimu mlangoni mwa ofisi, amevaa shati lililopigwa pasi, na macho yake hayakutaka kukutana na yangu. Pembeni yake alisimama yule binti wa marehemu, mwanamke wa rika langu, mikono bado ina udongo wa kwenye njegere.

"Pole na safari, dada," aliniambia. "Itapatikana?"

"Sijui," nilimjibu, kwa sababu sikujua.

Kitu kikifutwa namna ile huwa hakijatoka hapo hapo. Diski imesahau tu kilipo, mpaka kingine kije kukaa juu yake. Ipo programu huria ya kuchimba vilivyofutwa, na maelekezo yake, nayasema haya kwa haki, yaliandikwa na mtu ninayetamani kumshika mkono. Sentensi yake ya kwanza inasema: acha kila kitu, pumua, usiandike chochote kwenye diski hiyo. Huyo aliwahi kumwona mtu analia. Niliiwasha kompyuta kwa fleshi yangu, nikachomeka diski ya pembeni ya kupokea vitakavyopatikana, tukaanza.

Vinavyochimbwa hurudi bila majina. Kila kitu kina namba tu, na cha kufanya ni kukifungua ukisikilize. Tulikaa pale ofisini, sisi watatu, tukasikiliza maisha ya kijiji kizima. Kwaya ikiimba ikikosea, mwalimu wa kwaya akifoka. Mtoto akisoma shairi la sikukuu. Mwanaume mmoja akimbembeleza mtu ambaye si mkewe, na hapo mwalimu alikohoa akaruka haraka kwenda namba inayofuata. Yule dada, binti wa marehemu, alicheka kwa mara ya kwanza. Mimi nilizidi kukasirika. Haya yote, kwa swali la mtu aliyeko mbali, yalihesabiwa kama hayapo.

Jumamosi mchana tulimpata. Sauti nyembamba, yenye lafudhi ya Kiluguru, inayohema kwa sababu ya mlima. Alianzia kwenye jiwe la mtoni. Akasema shamba hili alipewa na mama yake mzazi mbele ya dada yake, na dada alipewa la kilimani. Akafuata mfereji. Akafika kwenye mkuyu. "Mkuyu huu niliupanda mimi," akasema, "na kutoka hapa mpaka unapanda mpaka—"

Ikakatika.

Nilirudia. Nilijaribu kila njia ninayoijua na nyingine nikazibuni palepale. Ilikatika palepale kila mara. Yule dada alikuwa ameweka kiganja chake juu ya spika.

"Unapanda mpaka kwenye chemchemi," alisema taratibu. "Nilikuwepo. Alisema mpaka kwenye chemchemi."

Jioni ile nilipanda jiweni kwenye mtandao nikawaandikia wale wa tovuti. Sikutukana, na watu wanaonijua hawataamini. Niliomba sentensi moja tu iongezwe juu ya lile swali: ulizeni wote wanaotumia kompyuta hii. Niliwaeleza kwa nini. Jibu lilikuja nikiwa bado nimekaa pale juu, la adabu sana. Maelekezo yao, walisema, yanamlenga mtumiaji mwenye kompyuta yake binafsi. Hali niliyoieleza si ya kawaida. Mjadala wakaufunga.

Si ya kawaida! Nilisimama pale jiweni nikaangalia chini, mabati ya nyumba za watu yakianza kufuka moshi wa mapishi, nikatamani mmoja wao awepo aniambie katika nyumba zile ni ipi ambayo hali hiyo si ya kawaida. Nilishuka kwa hasira, nikajikwaa, nikajichuna goti.

Jumapili ukoo ulikaa uwanjani. Kule urithi wa ardhi unafuata upande wa mama, na mkubwa wa kikao alikuwa mjomba, kaka wa marehemu, mzee mwenye fimbo na macho yaliyofifia. Mwalimu alileta spika ya kanisa. Sauti ilipoanza, wanawake waliinamisha vichwa. Mjomba alimsikia dada yake mpaka ilipokatika. Akaomba irudiwe. Ikakatika tena.

Yule wa Ngerengere alisimama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanikera mpaka leo, ningependa awe mbaya.

"Wazee, nimemsikia mama mdogo," alisema. "Hadi mkuyuni sibishi tena. Lakini kutoka mkuyuni kwenda juu hakusema."

"Alisema," yule dada alijibu. "Nilikuwepo."

"Wewe ndiye unayedai, dada yangu. Hata mimi ningesema nilikuwepo."

Mwalimu alisimama akaeleza kosa ni lake, wamwadhibu yeye. Nami nikasimama, mgeni, mjuaji wa mjini, nikaeleza kuhusu diski na kufutwa na maelekezo. Walinisikiliza kwa heshima ambayo mtu humpa mtoto anayeumwa.

Mjomba aliegemea fimbo yake. "Mimi simwamini mtu kumzidi marehemu," alisema. "Tutapima mpaka pale sauti ilipofika."

Wakaenda wakapima. Kigingi kilipigwa kwenye mkuyu. Juu yake, upande uliokwenda kwa yule wa Ngerengere, kulikuwa na matuta mazuri kuliko yote, na chemchemi yenyewe.

Yule dada alikuja akasimama karibu nami penye kigingi.

"Maneno ya mama yaliyobaki," aliuliza, "mle ndani ya diski, mahali yalipokuwa pamekaa nini sasa?"

Nilitamani nisijue. Lakini nilikuwa nimekwisha kuangalia, kwa sababu siwezi kuacha kuangalia.

"Mchezo wa karata," nilimwambia. "Unakuja na mfumo."

"Nani aliuomba?"

"Hakuna."

Alirudia neno hilo, karata, bila kuniangalia. Kisha akavuka kigingi, akapiga magoti kwenye matuta ambayo hayakuwa yake tena, akaanza kuchuma njegere ambazo bado zilikuwa changa.