Chumba Changu Kwenye Tovuti

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa hii: tovuti yangu ya kuwatafutia hifadhi watu waliohamishwa na maji ya ziwa ionyeshe chumba cha mfano cha kubuni? Niliona huo ni uongo. Nikaweka picha ya chumba changu, kwa shangazi, Ujiji, pamoja na maelekezo ya kufika. Kisha tovuti ikaanza kutumika, nami nikasahau kuifuta picha hiyo ya majaribio.

Juzi nilirudi nyumbani, nikakuta mama mmoja na wanawe sebuleni wanakula ugali na dagaa. Nikadhani ni wageni wa shangazi. Shangazi akadhani ni wangu. Kwetu mgeni haulizwi lililomleta kabla hajashiba, basi tukazidi kutabasamu na kuongeza mboga.

Walipokwisha kunawa, shangazi akauliza, "Haya mwanangu, habari za utokako?"

"Nyumba yetu Kibirizi imejaa maji, mama. Tumekuja kwenye chumba chetu."

Akatuonyesha simu. Kitanda changu kile, na suruali yangu msumarini.

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Miaka ya wakimbizi tulipokea watu mpaka jikoni, tutashindwa leo? Ila wewe msomi, utalala wapi?"

Mara hii sikuwaza sana. Nikawatandikia kitanda, nikabeba mto wangu kwenda sebuleni.