Kikapu cha Njegere Ndani ya Treni

Juzi nilikuwa stesheni ya Makambako na mwanangu wa mwisho. Upepo wa Makambako, rafiki yangu, haujabadilika hata kidogo. Bado unakuvua kitambaa kichwani bila kukuomba. Mwanangu huyu ni mtu mzima mwenye mvi zake mbili tatu, lakini akiiona treni anarudi utotoni. Huwa anasafiri siku nzima kwenda kuipiga picha injini, kama wengine wanavyokwenda kumwangalia mtoto mchanga. Safari hii alikuwa amenikatia tiketi ili twende na kurudi, basi tu, kwa raha. Tukiwa tumekaa tunasubiri, akaniuliza, "Mama, siku ya kwanza kupanda treni uliona nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikacheka. Sikuona kitu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa msichana wa shule pale Yakobi, Njombe. Huku kwetu reli haikuwapo. Treni tuliijua kwa habari tu, na habari zenyewe zilitoka kwa Mwalimu wetu, ambaye alisomea mahali ambapo treni ilipita nyuma ya bweni. Mapenzi ya treni yalikuwa yamemwingia, hayakutoka. Alikuwa akifundisha hesabu, ghafla anageukia ubao na kuchora gurudumu. Tulimwacha achore, maana ilikuwa ahueni kwetu.

Basi mwaka mmoja kwaya ya shule ikaalikwa kwenda kuimba Dodoma, na Mwalimu akaongeza la kwake: tukifika huko tutapanda treni hadi stesheni ya jirani, kisha turudi nayo jioni. Kuanzia siku hiyo darasa likawa behewa. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti ya miwati, na vidole vyetu vimekufa ganzi kwa baridi, tulipanga madawati safu mbili na kukaa tukitazamana. Wavulana wa nyuma walipumua kwa pamoja, huff, huff, na mmoja akagonga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu. Mwalimu alipita katikati akitufundisha mambo ya kutarajia. Treni ikianza itawarusha nyuma kidogo, msipige kelele. Msitoe kichwa nje, cheche zitawaingia machoni. Mtaona miti inakimbia kurudi tulikotoka. Nililala nikiiota hiyo miti. Niliitaka mno, sijawahi kutaka kitu namna ile.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa akija kutuletea viazi vya moto, anasimama mlangoni, anasikiliza. Siku moja akamwambia Mwalimu kwa Kibena kwamba naye atakwenda. Mwalimu akasema nafasi ni ya wanakwaya. Bibi akamuuliza nani atawapikia hao wanakwaya, na Mwalimu, ambaye hata chai ilimshinda, akamwandika kwenye orodha. Ndivyo Bibi alivyopata nafasi.

Sisi nyumbani tulijua anachokifuata. Baba yangu aliondoka nikiwa mgongoni, akaenda kwenye mkonge pamoja na manamba wengine, vijana walioandikishwa kazi za mashamba ya mbali. Bibi alimsindikiza kwa miguu hadi Makambako, kwenye kambi walikosubiria lori. Hapo wakaagana. Dunia ya Bibi iliishia Makambako. Baada ya hapo aliambiwa tu kwamba lori lilimpeleka mwanawe Dodoma, na Dodoma treni ikamchukua. Wenzake walirudi na blanketi, mwavuli, sanduku la bati, na kijiji kizima kikatoka kuwapokea mizigo. Baba hakurudi. Wengine walisema amekufa. Mama yangu aliacha kumtaja. Bibi peke yake alikuwa na neno lake: "Hajafa. Hana kitu cha kubeba, anaona aibu."

Safari ya lori ilikuwa ndefu na ya vumbi. Tulipopita Makambako Bibi aliomba lori lisimame. Akashuka, akaenda hadi pale kambini, akasimama na kikapu chake huku upepo unamvuruga nguo, kisha akarudi akapanda. Kikapuni mlikuwa na njegere kavu alizozikaanga mwenyewe. Mwalimu alidhani ni za kwaya.

Dodoma tulifika na masweta yetu ya Njombe, tukawa tunachemka kama maharage. Tukaimba, tukapigiwa makofi, na kesho yake tukaenda stesheni. Hapo ndipo Mwalimu alipotoa onyo lake la mwisho, akimtazama Bibi: ndani ya treni watu hawasalimiani mmoja mmoja, kila mtu anakaa kwenye nafasi yake.

"Ina watu?" Bibi akauliza.

"Imejaa watu, Bibi."

"Basi ni kijiji."

Kwetu, rafiki yangu, huwezi kumpita mtu kama unapita kisiki. Unasimama, mdogo anapiga goti, mnaulizana hali, mnaulizana mtokako na muendako, na huko mtokako kukoje. Salamu ndiyo ilikuwa gazeti letu. Lakini Bibi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na treni ile ilijaa Wagogo, Wanyamwezi, Waha, watu wa kila mahali, ambao Kibena kwao kilikuwa kelele tu. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili, cha shule. Nikaelewa kwa nini alinishika mkono tangu tulipoingia stesheni.

Injini ilikuja inatoa moshi, nikasikia ardhi inatetemeka chini ya nyayo zangu. Hiyo niliiona kidogo. Tukaingizwa behewa la daraja la tatu, na wenzangu wakakimbilia madirisha. Mimi nikavutwa mkono.

"Kamwene," Bibi akamwambia mtu wa kwanza, mzee mwenye kofia nyekundu. Nikapiga goti. Treni ikaanza, ikaturusha nyuma kama Mwalimu alivyosema, nikamwangukia mzee kwenye magoti yake. Nyuma yangu wenzangu wakapiga kelele za furaha. Miti ilikuwa imeanza kukimbia, na mimi nilikuwa nimezamisha pua kwenye kanzu ya mtu.

Bibi akasema, nami nikageuza kwa Kiswahili. Huyu ni bibi yangu, ametoka Njombe, kuna baridi. Anakusalimu. Anauliza unatoka wapi na watu wako hawajambo. Anauliza, je, unakwenda kwenye mkonge? Kama unakwenda, kuna mwanawe huko, mrefu, ana kovu la moto mkono wa kushoto, anacheka kabla hajamaliza kusema. Ukimwona mwambie mama yake anasema aje hata mikono mitupu. Hapo kwenye mikono mitupu Bibi alikuwa na maneno yake ya Kibena mazuri sana, yakanishinda. Nikakumbuka methali tuliyofundishwa darasani, nikaitia hiyo: mwenda kwao si mtumwa.

Yule mzee akanitazama, akamtazama Bibi. Akasema, "Milima haikutani, mjukuu wangu. Watu hukutana. Nitasema." Bibi akamwekea njegere kiganjani, gao moja, tukahamia kwa jirani yake.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mtu baada ya mtu, benchi baada ya benchi, kisha behewa la pili, goti chini, goti juu, njegere, mwenda kwao si mtumwa. Wengine walicheka. Mkaguzi wa tiketi alitufokea tumeziba njia, Bibi akamsalimu na yeye, akampa njegere, naye akatupisha huku anatafuna. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Kila nilipoinua shingo kidogo niuone upande wa dirisha, Bibi alinifinya bega. Mara treni ikasimama. Tumefika.

Jioni tuliporudi Mwalimu alinionea huruma. Akamwambia Bibi, kwa upole kabisa, "Sasa Bibi kaeni hapa dirishani, muone."

Bibi akalitazama behewa. "Hawa nao sijawasalimu," akasema.

Nilirudi Njombe nikilia kimyakimya chini ya blanketi, wenzangu wakisimuliana habari za miti. Kikapu kilikuwa kitupu.

Mvua zikaja zikapita. Tulikuwa tunavuna mahindi, Bibi, Mama na mimi, nilipoona mtu anapanda njia ya kutokea bondeni. Alikuwa mrefu. Hakuwa na blanketi wala sanduku, hakuwa na hata fimbo. Alitembea kando kabisa ya njia. Majirani walisimama mashambani mwao wakamwangalia, na hakuna aliyekwenda kumpokea, maana angepokelewa nini?

Bibi aliweka kikapu chini. Kwetu mgeni akifika hupokewa mzigo kwanza, ndipo mengine yafuate. Basi akamwendea, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea kitu kizito, akaishika ile mikono mitupu, akaiingiza ndani ya nyumba. Mama akabaki shambani na hindi mkononi, analia kwa sauti. Mimi nililiona lile kovu, nikajua huyu ni baba yangu, nikakimbia kujificha nyuma ya ghala.

Usiku ule, kando ya moto, Baba alitueleza. Alikuwa amelala kambini huko Kilosa, mgeni mmoja asiye wa kabila letu akaanza kuuliza Wabena walipo. Yeye naye aliambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Akafungua kitambaa, mna punje za njegere zilizokunjamana, akasema kuna mtoto wa shule kwenye treni anapiga goti na kusema mwenda kwao si mtumwa. "Nilipoziona njegere," Baba akasema, "nilisikia harufu ya jiko hili."

Kisha akacheka kabla hajamaliza kusema, vile vile kama Bibi alivyolitangazia behewa zima. "Mama, kumbe na wewe umepanda treni! Umeionaje?"

Bibi akachochea moto. "Sikuiona, mwanangu. Ilijaa watu."

Sasa Bibi hayupo, na Baba alimfuata. Kambi ya manamba pale Makambako imekwisha, hata waliobaki kuikumbuka tunahesabika. Reli imekuja yenyewe mpaka mlangoni, jambo ambalo Mwalimu, Mungu amrehemu, angelilia kwa furaha. Treni ilipofika mwanangu alinishika mkono, akanipandisha, akanikalisha dirishani. "Kaa hapa, Mama. Leo utaona."

Ikatuvuta taratibu, na nje vilima vikaanza kugeuka. Mbele yangu alikaa kijana, macho kwenye simu, masikio ameyaziba kwa vile vidude vyao vya muziki. Nikageuka, nikamtazama, nikasubiri avitoe nimsalimu, nimuulize anatoka wapi na watu wake hawajambo. Hadi tunashuka hakuvitoa, na vilima navyo sikuviona.