Nyasi za Bibi, Nyasi za Plastiki

Mawe, mama yangu! Hebu keti kwanza nikusimulie kilichonikuta Buhembe, maana mpaka sasa mwili unanisisimka.

Binti yangu amejenga huko. Nyumba nzuri, sitaki kumkosea. Alinifuata Muleba nikakae kwake kwa sababu macho yangu yameanza kuingia ukungu. Akanishika mkono kunivusha mlangoni, mguu wangu ukakanyaga nyasi. Nyasi, ndani ya nyumba! Nilifurahi kama mtoto, nikainama kuzishika, nikavuta pumzi. Hakuna harufu. Zilikuwa za plastiki, zimetoka dukani zimeviringishwa kama mkeka. "Mtindo wa zamani umerudi, Mama," akasema.

Wewe uliyekulia kwetu enzi za Mwingereza utanielewa. Nyumba tulizitandika nyasi ukuta hadi ukuta. Jumamosi sisi wasichana tulipanda rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya vibanja vya migomba, tukazikata zikiwa bado na umande, tukarudi na mizigo kichwani shingo zikituuma. Za zamani tulizitupa migombani, mpya tukazitandaza, ncha zote upande mmoja, na harufu yake ikachanganyika na ya matoke yanayoiva. Msimu wa senene tuliketi humo humo kuwachambua, mabawa yakitunasa vidoleni. Ukiingia na miguu ya matope, ole wako.

Sisemi ilikuwa peponi. Viroboto walitutafuna, na funza usiseme! Mwalimu wetu wa shule ya misheni alitukagua vidole vya miguu, huku akituambia kwamba nyumba ya mstaarabu ina sakafu ya saruji. Tata, yaani baba yangu, akalishika neno hilo. Alipouza kahawa akaleta saruji kwa lori kutoka Bukoba. Majirani walikuja kuitazama, wakiwa wanainua mguu juu kama kuku kabla ya kukanyaga. Kijiji kizima kilitusema, na mimi nikatembea kwa maringo.

Bibi, mama yake tata, aliishi nasi. Alikuwa kipofu tangu kabla sijazaliwa. Kutwa aliketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, na hakuna aliyempita bila kutajwa. Nyasi zilimwambia. Mama alikanyaga haraka haraka, tata kwa uzito, mimi niliburuza kisigino. "Umerudi, mwenye kisigino?" ndiyo ilikuwa salamu yangu. Hata jirani akiingia kimya kimya, tayari bibi alikuwa amemwita kwa jina na kumnyooshea kahawa ya kutafuna.

Basi, saruji ilipokauka nikaingia jioni na mtungi wa maji kichwani. Miguu pekupeku, sauti hakuna. Bibi akashtuka, akapapasa ukuta, akauliza, "Nani?"

Nani? Mimi! Nilisimama pale maji yakinichuruzika mgongoni. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Siku chache baadaye akahamia jikoni, kibanda cha nyuma ambako nyasi zilikuwa zimebaki. Tata aliona aibu kubwa. Watu watasemaje, mama yake analala jikoni? Akambembeleza, akafoka, mwisho akalia mbele yetu watoto. Ee waitu, ndugu yangu, sijui kama nimewahi kushtuka vile. "Mama, nyumba hii nimekutengenezea wewe!" Bibi akamjibu polepole, "Nyumba ni nzuri, mwanangu. Ila humo ndani mgeni ni mimi."

Hakurudi. Alifia kule kule jikoni. Siku ya msiba tata alikwenda rweya mwenyewe, kazi ya wanawake, akatandaza nyasi juu ya saruji yake ili waombolezaji wakae. Matanga yalipokwisha zikafagiliwa, na nyumbani kwetu hazikutandikwa tena. Siku hizi hata rweya ile imejaa miti ya mbao. Mjukuu wangu ukimwambia nyasi zilikuwa na kazi ndani ya nyumba, anadhani unamtania.

Sasa wanasema mtindo umerudi. Umerudi wapi? Kilichorudi ni rangi ya kijani tu. Juzi nilikuwa nimekaa juu ya hiyo plastiki, kimya kabisa, mara kitu kikanigusa goti. Nikaruka. "Nani?"

Neno lile la bibi, kinywani mwangu mimi!

"Ni mimi, Bibi!" Mjukuu wangu huyo, anacheka.

Jioni nikamwambia binti yangu aikunje plastiki yake, aniletee nyasi za kweli, hata za chumbani kwangu tu. Akanishangaa. "Mama! Na viroboto je?"

"Viroboto nawajua," nikamwambia. "Ninaogopa kutowajua ninyi."