Bodi ya Umeme ya Mama

Kwetu, karibu na Muthetheni, mtoto akipata kazi, mshahara wake wa kwanza humnunulia mama kitu cha stima. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Kaka yangu alipoajiriwa kiwandani Athi River alileta friji. Dada alileta pasi, halafu akaona haitoshi akaongeza oveni ndogo. Mimi kitinda mimba nilileta hita ya maji ya kuoga, na nilitamba nayo mwaka mzima. Kila zawadi ilipofika, fundi yeyote aliyekuwa karibu aliunganisha waya mwingine kwenye bodi ileile ndogo ya swichi iliyowekwa ukutani enzi za baba.

Mwaka huu stima ilipotea jioni moja, mama akajikwaa kwenye korido akavunjika mkono. Tulikutana tukakata shauri: tumfungie sola, na ikishindikana, ahamie kwangu Syokimau. Mama hakubishana. Alisema tu kwamba kwangu hakuna mahali pa kufugia kuku, kisha akaenda kuwafungia wake bandani.

Fundi wa sola, mwanamke mcheshi kutoka Machakos mjini, alifungua bodi akaguna. Alitueleza kwamba stima ya kawaida na ya sola zingeingia kwenye bodi hiyohiyo, nayo ina kiwango chake. Ikizidishiwa hupata moto, na nyumba inaweza kuungua. Sola ya kubeba vitu vyote tulivyoleta isingeweza kufungwa pale bila kubadilisha bodi na kuchimbua nyaya zote ndani ya kuta kuukuu za matofali. Kaka alinitazama. Nilijua anawaza chumba changu cha wageni.

Ndipo mama, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa, aliposogea mbele ya bodi. Alimwonyesha fundi swichi mojamoja: hii na hii haziwashwi pamoja, friji hupumzishwa wakati wa kupiga pasi, oveni ni ya Jumapili tu. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunaongeza, yeye anapunguza, na ndiyo maana nyumba ilikuwa bado imesimama. Nilimwonea fahari.

"Hii ya kuoga toa kabisa," alimwambia fundi.

Nilishtuka. "Lakini mama, kila nikikuja maji ni moto."

"Mimi huwasha mkiwa njiani. Mkienda nazima, naoga na maji ya jiko. Sikutaka uone mshahara wako umekaa bure." Akanishika bega kwa mkono uliokuwa mzima. "Lakini kama ndiyo itanitoa kwangu, mwana wakwa, mwanangu, wacha itoke."

Fundi alipiga hesabu upya, bila hita. Akasema sola ndogo itatosha taa, friji na ile mashine ya kutotoa vifaranga ambayo mama alijinunulia kwa pesa za kuku, na bodi itaihimili. Nilimwomba azime swichi kuu na anipe bisibisi. Kisha nikaingia bafuni nikaifungua hita mwenyewe.