Nilivyomwoza Mzee Omariba Mke wa Tatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu njiani, hadi wanaopita wakadhani nimerukwa na akili. Siku yenyewe sikucheka. Walicheka wengine. Nakusimulia leo kwa sababu naona umeanza kushika kompyuta kwa kiburi kilekile nilichokuwa nacho mimi.

Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema. Haikunifukuza, tuliachana tu kwa amani. Nilichuma chai Ikonge, nikabeba mikungu ya ndizi Nyakoe, nikashinda wiki nzima kwa fundi wa redio nikitaka tu kujua sauti hukaa wapi. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, nami nilitembea bure mpaka nikaokota kazi katika kibanda cha kompyuta pale Keumbu. Mwenye kibanda alinifundisha programu moja tu, ile ya majedwali, yenye visanduku vilivyopangwa kama vigae vya sakafuni. Niliipenda mno. Barua za kuomba kazi niliziandika humo, menyu za hoteli humo, hata nyimbo za kwaya. Mtoto akipewa panga jipya, hata mgomba wa mamaye haumpiti salama.

Basi akaja Mzee Omariba, na koti lake la Sabato na fimbo mkononi.

"Kijana, nasikia wewe unaweza kupanga watu ndani ya mashine."

"Hata ukoo mzima, baba."

"Ukoo ndio nataka."

Alikuwa anaandaa siku ya shukrani nyumbani kwake, milimani upande wa Nyamira. Watoto wangekuja kutoka Nairobi na Mombasa, na mchungaji angekuwepo. Alitaka karatasi moja kubwa ya kutundika ukutani, wake zake wawili na uzao wao wote. Nawe unajua mambo ya kwetu: kila mke ni nyumba, na shamba hugawanywa kwa nyumba. Mtoto asiyejulikana ni wa nyumba gani hana pa kuchimba hata shimo la choo. Mzee alikuwa amezeeka, akaogopa akifa watoto watashikana mashati. "Nataka kila mtu ajione amesimama wapi," aliniambia, "mimi nikiwa hai na macho yangu yakiona."

Kazi ikaonekana rahisi. Safu ya kwanza, mama Kerubo, mke mkubwa: namba ya nyumba, jina lake, kisha kisanduku kimoja kipana cha watoto na wajukuu. Safu ya pili, mama Kwamboka. Namba sikuziandika kwa mkono. Nilikuwa nimejifunza ujanja wa kuzivuta zikajipanga zenyewe, na nilijiona profesa.

Mama Kerubo alikuja kunitajia watu wake wakaenea vizuri. Mama Kwamboka naye alikuja, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kwa kifungua mimba. Kila mtoto alikuwa na jina la ubatizo, jina la kwetu, na maelezo ya marehemu aliyerithiwa jina hilo. Aliendelea mpaka chai yangu ikapoa, nikanywa, akaendelea.

Tulipofika kwa Ogeto, kitinda mimba wake, safu ikagoma. Nikaishika kwa kipanya nikaivuta chini. Ikasimama. Nikavuta tena mpaka kipanya kikaanguka mezani. Mwanangu, programu ile ina kikomo chake: safu moja ikifikia urefu wa nusu karatasi na kitu kidogo, hata uisihi kwa machozi haiongezeki. Na maneno yanayozidi hayapigi kelele. Hupotea tu chini ya mstari, kama watu waliotumbukia shimoni. Ogeto, mkewe na watoto wao wakatumbukia.

Ningeitanua kwa upande, lakini Mzee alikuwa amepima nafasi ya ukutani kwa fimbo yake, kati ya dirisha na saa, nayo ilikuwa nyembamba. Nikapunguza maandishi. Ogeto akapanda juu, akaonekana. Mzee alipopita kukagua, akaivuta karatasi hadi puani.

"Hawa ni wajukuu wangu au ni siafu?"

Nikarudisha maandishi makubwa, nikafupisha mwisho kwa kuandika "na wengineo". Safari hii alikuja mama Kwamboka mwenyewe, akanitaka nimsomee polepole.

"Huyu Wengineo ni nani?" akauliza.

"Ni njia ya kufupisha, mama."

"Mimi nimezaa kwa uchungu mmoja mmoja. Sikuzaa kwa kufupisha. Andika!"

Hapo ndipo ilipaswa niseme ukweli: mama, mashine imefika mwisho, nipeni shauri. Lakini kijana aliyekwisha kusema "hata ukoo mzima, baba" atasemaje tena ameshindwa na nusu ya ukoo? Nikajibu, "Itakaa sawa." Alipoondoka nikafungua safu nyingine chini ya yake, nikamhamishia Ogeto na jamaa yake humo. Pale pa jina la mama nikaacha wazi, maana mama yao si yuko hapo juu? Na zile namba zangu za ujanja zikajivuta zenyewe: moja, mbili, tatu. Niliiona ile tatu. Nikasema nitaitoa, nikasahau.

Nikaipeleka Kisii mjini, kwa duka la mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mashine ya kuchapa karatasi kubwa na kuifunika kwa plastiki. Mama mwenye duka alivaa miwani yake, akaweka kidole palepale.

"Kijana, hapa umesahau jina."

"Hapana, mama. Ni mashine tu hufanya hivyo."

Alinitazama juu ya miwani, akaibonyeza mashine. Kuuliza si ujinga, lakini kujibu bila kufikiri ndio wenyewe hasa.

Siku ya shukrani ikafika. Watu walijaa uani, mboga za chinsaga zikinukia jikoni, mbuzi wameiva. Karatasi ilitundikwa kwanza nje, juu ya mlango, ili wote waione, na mimi nilikuwa nimeketi mbele kama mtu wa maana. Mchungaji akaombwa asome. Akaanza kwa sauti ya mimbari: nyumba ya kwanza, mama Kerubo. Vigelegele. Nyumba ya pili, mama Kwamboka. Vigelegele, na yeye mwenyewe akasimama akacheza kidogo.

"Nyumba ya tatu," akasema mchungaji.

Akasogea karibu, akarudi nyuma. Mchungaji huyu alikuwa amehangaika miaka mingi kuwameza wake wawili, akawakubali kwa kuwa Mzee aliwaoa kabla hajabatizwa. Wa tatu alimkwama kooni.

"Nyumba ya tatu… mama hajaandikwa jina."

Ua wote ukageuka kumtazama Mzee, hata kuku. Kisha shangazi mmoja nyuma akasema, kwa ile sauti ya kunong'ona inayofika hadi kwa jirani, "Lisemwalo lipo."

"Nani alisema nini?" Mzee akafoka.

"Mimi sijasema. Nimesema tu lipo."

Mama Kerubo alisimama taratibu. Yeye na Kwamboka walikuwa hawajakubaliana jambo tangu siku Kwamboka alipoletwa; hata mvua ikinyesha, mmoja aliiita manyunyu. Lakini siku hiyo waligeuka pamoja kama jeshi.

"Kumbe," alisema Kerubo, "ndiyo sababu kila Jumatano ni Ikonge, Ikonge."

"Naenda kwa mambo ya chai!" alisema Mzee.

"Chai ya rangi gani hiyo?" akadakia Kwamboka. "Na ile shati ya samawati nani alikununulia?"

"Si ni wewe!"

"Nilinunua ya kijani!"

"Yaya, hapana! Ee Nyasae, Mungu wangu, mimi sina mke mwingine!" Mzee aliinua fimbo kama shahidi mahakamani. Watu walikuwa wanacheka wakijiziba midomo. Mimi pia, nakiri, nilitabasamu, kwani kijana mjinga hucheka hata paa linalomwangukia.

Halafu nikamwona Ogeto. Alikuwa mtu mzima, fundi wa mawe, ana mikono kama majembe. Alikuwa amesimama mbele ya ile karatasi, akisoma jina lake, la mkewe na majina ya watoto wake, na pembeni yake pale pa mama hapana kitu. Nyuma yake nikasikia shangazi yuleyule: "Hata mimi hiyo pua ilinishangaza tangu azaliwe." Na ndugu zake wa tumbo moja, mwanangu, wakasogea kidogo. Hatua ndogo tu ya mtu anayempisha mwenzake, lakini ilikuwa ya kumpisha nje.

Ogeto akageuka. "Mama," akasema, mbele ya watu wote, "mimi ni wa nani?"

Hakuna aliyecheka tena.

Mama Kwamboka alipasua umati akamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. "Nani ameandika hii?" akauliza. Vidole vyote vilinielekea. Watu wa kwetu wana umoja mkubwa katika jambo hilo.

Mzee Omariba akaniita mbele. Nikaanza kujitetea: kwamba safu ina kikomo, kwamba mashine ilikataa, kwamba hata Nairobi ni hivyohivyo. Aliniacha nimalize. Alinitazama kama omoisia, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa.

"Mashine ilikukatalia wewe," akasema. "Haikunikatalia mimi. Ungekuja ukaniambia, Mzee, chombo changu ni kidogo, watu wako ni wengi, ningekuambia leta karatasi mbili tugundishe. Ningebomoa dirisha hata. Lakini wewe umekionea haya chombo chako, ukaamua kupunguza familia yangu ili chombo kisionekane kidogo. Kijana, mimi sikukuletea safu. Nilikuletea watu."

Kisha mama Kwamboka akazungumza, hakuniangalia hata kidogo. "Watoto walipozidi nyumba yangu, huyu mzee hakunijengea mama mwingine. Alivunja ukuta, akaongeza chumba, mlango ukabaki ni ule ule. Sasa wewe vunja huo ukuta."

Nikauliza ukuta gani. Akanionyesha ule mstari mweusi kati ya nyumba yake na ile isiyo na jina. Haukufutika, maana karatasi ilikuwa imefunikwa plastiki. Kijana mmoja wa kanisa akaleta sanduku la huduma ya kwanza, na pale mbele ya wageni nikapanda kwenye kiti nikabandika plasta ya vidonda juu ya mstari wote, na kipande kingine juu ya ile tatu. Mama Kerubo ndiye aliyekuwa akikata plasta kwa mkasi na kunipitishia. "Bandika vizuri," aliniambia, "mwenzangu asibaki na jeraha."

Mchungaji akasoma upya, mama Kwamboka, na kutoka kwa kifungua mimba hadi kwa mtoto mdogo wa Ogeto hakuvuta hata pumzi. Ogeto akalia waziwazi, mtu mzima yule, na vigelegele vikawa vingi kuliko mwanzo. Shangazi naye akatangaza kwamba pua ile ni ya babu yake Mzee, aliyezikwa pale chini ya migomba, na kila mzee akakumbuka ghafla kwamba ndivyo.

Niliporudi Keumbu niliichunguza ile programu kwa hasira. Kumbe dawa ilikuwepo siku zote! Unachukua kisanduku cha safu hii na cha safu iliyo chini yake, unaviunganisha vikawa kimoja, maandishi yakapita humo kama mto. Au unagawanya maneno katika safu kadhaa lakini unauondoa mstari wa kati, na jina la mama unaliunganisha lienee zote. Kubofya mara chache tu. Ningeuliza, mtu angenionyesha kabla chai haijapoa.

Sasa nikuambie ninachotaka kukuambia, mwanangu. Kila chombo utakachoshika kina mwisho wake: kompyuta, jembe, hata akili yako. Kufika mwisho wa chombo si aibu. Aibu ni kumficha mwenye kazi ukweli, kisha ukaanza kukata kazi yake ili ienee ndani ya chombo chako. Mficha uchi hazai. Nami nilipoficha, kilichozaliwa ni mke asiyekuwepo. Ukikwama, sema nimekwama, na useme mapema. Na ukiandika majina ya watu, kumbuka kila jina lina mwenyewe, naye atakuja kujitafuta hapo. Asijikose kwa sababu wewe ulitaka kuonekana fundi.

Nenda salama. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usioogopa kuuliza. Akujalie mwenzi mmoja anayekutosha, na watu wanaokupenda wawe wengi hadi karatasi zikuishie.